Kumtafuta Mwenye Clare

Kwa muda wa miezi minne nilimwita mwanamke huyu kwa cheo ambacho hakuwa nacho hata siku moja ya maisha yake. Nilikuwa nimetoka Tanga kwenda Uingereza kusomea shahada ya uzamili katika historia ya Ulaya ya karne za kati, na nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa zaidi ya ishirini kuhusu Elizabeth de Burgh, mjukuu wa Mfalme Edward wa Kwanza, ambaye ufadhili wake ndio ulioipa Clare College ya Cambridge jina lake. Katika kurasa zote hizo nilimwandika kuwa Kauntesi wa Clare, cheo cha kike kinacholingana na erli, bwana mkubwa wa Kiingereza. Msimamizi wangu hakukata neno wala hakusahihisha. Aliandika pembeni kwa kalamu ya risasi maneno matatu tu: ukauntesi wa wapi?

Nilidhani nitalijibu swali hilo mchana mmoja. Nilikuwa na hakika kwamba cheo kipo, kwa kuwa pande zote alizungukwa na watu wenye vyeo. Baba yake, Gilbert de Clare, alikuwa erli wa Gloucester na wa Hertford. Mume wake wa kwanza, John de Burgh, alikuwa mrithi wa erli wa Ulster kule Ireland. Mwanawe William alikuja kuwa erli wa Ulster, na mjukuu wake akawa kauntesi wa Ulster. Isitoshe, yapo maandishi ya baadaye yanayomwita kauntesi bila kusita, nami niliyafuata kwa sababu yalikuwa yamechapishwa. Lakini kila nilipotafuta hati ya zama zake inayompa cheo hicho, sikuiona. Niliona neno jingine kabisa, la Kilatini, ambalo waandishi wa hesabu waliliandika kwa ufupi kwa herufi tatu na kistari juu yake: domina. Domina de Clare. Katika hati za Kifaransa, lugha ya watu wa tabaka lake, ni dame de Clare.

Ilinibidi nianze upya, na safari hii nilianza na ardhi. Elizabeth alizaliwa Septemba 1295, na baba yake akafariki Desemba ya mwaka huohuo, kwa hiyo mirathi yote ilikwenda kwa kaka yake, ambaye naye aliitwa Gilbert. Kaka huyo aliuawa katika vita vya Bannockburn dhidi ya Waskoti, tarehe 24 Juni 1314, akiwa na miaka 23 tu, bila mtoto. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilisema kwamba mtoto wa kiume mkubwa hurithi peke yake, lakini wakibaki wanawake watupu hugawana ardhi sawa kwa sawa. Walibaki dada watatu wa baba na mama mmoja: Eleanor, Margaret na Elizabeth. Ardhi inaweza kukatwa mafungu matatu, uerli haukatiki. Cheo kilibaki mikononi mwa mfalme, na ilipofika mwaka 1337 Mfalme Edward wa Tatu alimpa Hugh Audley, mume wa Margaret, uerli wa Gloucester. Elizabeth alipata ardhi nyingi katika Uingereza, Wales na Ireland, ikiwamo Clare yenyewe, mji mdogo wa Suffolk ambao ndio ulioupa ukoo wake jina. Hakupata uerli. Na kwa upande wa mumewe nako mlango ulikuwa umefungwa, kwa sababu John de Burgh alikufa mwaka 1313, miaka 13 kabla ya baba yake, na hivyo hakuwahi kuwa erli, wala mkewe hakuwahi kuwa kauntesi.

Ugawaji wenyewe ulichelewa hadi Novemba 1317, na sababu ya kuchelewa ilinigusa kwa namna ya pekee. Mjane wa Gilbert, Maud, alisema kwamba ana mimba ya marehemu, na maadamu mtoto anatarajiwa, dada hawawezi kupewa kitu. Kwetu pia mirathi huwa na la kusubiri pale mjane anapokuwa mjamzito, kwa hiyo sikuona ajabu katika kanuni yenyewe. La ajabu ni kwamba kusubiri kulikwenda mpaka mwaka wa tatu, na wanasheria wa mfalme waliendelea kulitaja tumbo hilo kana kwamba miezi haihesabiki. Mfalme Edward wa Pili alinufaika na uchelewaji huo, kwa sababu mapato ya ardhi isiyo na mwenyewe huingia kwake, na alikuwa akitafuta waume wa kuwapa Margaret na Elizabeth kutoka miongoni mwa vipenzi wake wa barazani. Niliposoma mambo haya kwa mpangilio wa tarehe ndipo nilipoelewa kwamba cheo cha mwanamke wa zama zile hakiwezi kutenganishwa na swali la nani anashika ardhi gani, tangu lini, na kwa ruhusa ya nani.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo nililigundua peke yangu, usiku, nikiwa nimejaa fedheha. Katika rasimu ile nilikuwa nimeandika kwamba Elizabeth de Burgh alifungwa na Waingereza kwa miaka minane kabla ya kuolewa mara ya pili, na pia kwamba mshairi Geoffrey Chaucer alianza utumishi wake akiwa kijana katika nyumba yake. Mambo yote mawili ni ya kweli, ila ni ya wanawake wengine wawili waliokuwa na jina lilelile. Elizabeth de Burgh aliyefungwa ni binti wa erli wa Ulster, mke wa Robert Bruce mfalme wa Scotland, ambaye alikamatwa mwaka 1306. Huyo alikuwa wifi yake Elizabeth wangu. Elizabeth de Burgh ambaye hesabu za nyumba yake za mwaka 1357 zinamtaja Chaucer ni Kauntesi wa Ulster, aliyezaliwa mwaka 1332, mke wa Lionel mwana wa Edward wa Tatu. Huyo ni mjukuu. Wifi, bibi na mjukuu, wote Elizabeth, wote de Burgh, na mimi nilikuwa nimewashona pamoja nikapata mtu mmoja ambaye hakuwahi kuishi.

Tangu usiku ule nilijiwekea taratibu ambayo sijaiacha: simkubali mtu yeyote katika hati kwa jina lake peke yake, bali lazima nipate angalau ndugu mmoja na tarehe moja vinavyomfunga mahali pake. Kazi hiyo ni ya polepole, lakini ina malipo yake. Kwa kuwatenganisha Elizabeth hawa niliona jambo ambalo kuwachanganya kulinificha. Baada ya vita vya Bannockburn, Waskoti walikuwa wamemkamata erli wa Hereford, na walimbadilisha kwa malkia wao aliyekuwa kifungoni. Vita vilevile vilivyomuua kaka wa Elizabeth mmoja na kumfanya awe mrithi ndivyo vilivyomfungulia gereza Elizabeth wa pili. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi.

Tarehe nazo zilinihangaisha. Hati za wakati ule hazisemi mwaka 1316. Husema mwaka wa tisa wa utawala wa Mfalme Edward, na mwaka wa utawala wa Edward wa Pili huanza tarehe 8 Julai. Mwaka wa kawaida wa Uingereza nao ulihesabiwa kuanzia tarehe 25 Machi, na hesabu za nyumba ya Elizabeth zilianza tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Tukio la Februari lililoandikwa mwaka mmoja katika hati moja linaweza kuonekana limetokea mwaka mwingine katika hati ya pili. Nilichora jedwali kubwa kwenye karatasi ya ukutani, safu tatu za miaka zikiteremka sambamba, na kila tarehe niliyoipata niliipitisha hapo kabla ya kuiandika popote.

Jedwali hilo lilinisaidia sana nilipofikia mwaka 1316. Elizabeth alikuwa mjane wa miaka 20, anakaa katika ngome ya Bristol kwa amri ya mfalme mjomba wake. Tarehe 4 Februari Theobald de Verdun alimtwaa kutoka huko na kumwoa bila ruhusa ya mfalme. Miezi sita baadaye Verdun alikuwa amekufa, naye Elizabeth akiwa na mimba. Machi 1317 alijifungua binti huko Amesbury, katika nyumba ya watawa walimoishi wanawake wa koo kubwa, miongoni mwao mama yake mdogo Mary, binti wa Edward wa Kwanza. Majuma machache baada ya kujifungua alikuwa ameolewa na Roger Damory, mtu ambaye mfalme alimpenda na kutaka kumtajirisha. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa imeisimulia habari ya Bristol kama utekaji wa kutisha. Kitabu kimoja nilichosoma kiliisimulia kama mapenzi ya siri. Niliporudi kwenye kumbukumbu yenyewe nilikuta kwamba maelezo yaliyopo ni ya Verdun akijitetea: kwamba walikwisha kuposana, na kwamba mwanamke alitoka nje ya ngome kwa hiari yake kumfuata. Anayesema ni mwanamume aliyeshitakiwa. Elizabeth hasemi. Nilifuta kurasa mbili nikaacha aya moja, inayosema nani alidai nini mbele ya nani. Najua msomaji angependa zaidi kisa chenye moyo unaodunda, lakini sikuona kwamba nina haki ya kumtia mwanamke huyu maneno mdomoni kwa jambo lililomhusu mwili wake.

Sauti yake inapatikana miaka kumi baadaye, na nilipoifikia nilinyamaza kwa muda mrefu. Damory aliingia katika uasi dhidi ya Hugh Despenser, mume wa dada mkubwa Eleanor na mtu mwenye nguvu kuliko wote barazani, akafa Machi 1322 akiwa mwasi. Elizabeth alikamatwa katika ngome yake ya Usk huko Wales akapelekwa pamoja na watoto katika abasia ya Barking, karibu na London. Despenser alikuwa akiitaka Usk. Krismasi ya mwaka huo Elizabeth aliitwa kwa mfalme huko York, akatengwa na washauri wake, akashurutishwa kutia mhuri hati ya kubadilishana: atoe Usk, apewe Gower, eneo jingine la Wales, ambalo thamani yake ilikuwa ndogo. Baadaye hata Gower ilimponyoka kwa njia ya mashauri ya mahakamani yaliyopangwa. Mei 1326, Despenser akiwa bado na nguvu zake zote, Elizabeth aliandikisha kwa siri mbele ya mthibitishaji wa hati tamko la malalamiko, akaeleza hatua kwa hatua jinsi alivyolazimishwa, na kwamba mhuri wake haukuwa ridhaa yake. Hakujua kwamba kabla mwaka haujaisha Despenser angenyongwa. Aliweka akiba ya ukweli kwa siku ambayo huenda isingefika. Ilifika, Usk alirudishiwa mwaka 1327.

Baada ya hapo aliishi miaka mingi bila mume. Alikuwa mjane kwa miaka 38 mfululizo, na mwaka 1343 aliweka nadhiri ya kutoolewa tena. Hiki ndicho kipindi ambacho lile neno domina linapata uzito wake. Alipokuwa na waume, hati humtaja nyuma yao. Mume ndiye aliyeshika ardhi ya mke kisheria. Alipobaki peke yake, yeye ndiye aliyetia mhuri, aliyepokea viapo vya wapangaji, aliyeteua mawakili na kuwatoa. Alikuwa na mashamba na majumba ya thamani kubwa kuliko Clare, lakini alichagua kujiita kwa Clare, shina la ukoo ambao tawi lake kuu, kwa upande wa wanaume, lilikwisha na kaka yake.

Nilikwenda mara nyingi katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyopo Kew, magharibi mwa London, kusoma hesabu za nyumba yake. Ni makumi ya magombo ya ngozi, ambayo hukunjuliwa juu ya mito laini na kuzuiwa kwa vizito vilivyoshonwa katika kitambaa, na huruhusiwi kalamu ya wino mezani. Ndani yake hamna kisa. Mna ngano iliyookwa mikate, shayiri iliyotengenezwa pombe, samaki, mvinyo, mishumaa, majani ya farasi, siku baada ya siku, jikoni, ghala la mikate, zizini. Nilichoka mwanzoni. Kisha nikaanza kuona kwamba magombo haya ndiyo maelezo kamili kuliko yote ya maana ya cheo chake: nyumba yenye watu wengi iliyohama kutoka Clare hadi Bardfield, hadi Usk, hadi Anglesey ya Cambridgeshire, na kila mahali mamia ya matumbo na vichwa vya farasi vikiandikwa chini ya jina moja la mwanamke mmoja. Karani hakuhitaji kueleza ni bibi yupi. Aliandika domina, akaendelea na idadi ya mikate.

Ugumu wa mwisho ulikuja nilipotaka kuyaandika haya kwa Kiswahili, kwa ajili ya walimu wenzangu wa nyumbani. Nilikuwa nimeandika Bibi wa Clare, tafsiri ambayo ingepatikana katika kamusi yoyote. Jioni moja nilimpigia simu mama, nikamwamkia, na katika mazungumzo nikamsomea aya ya kwanza.

"Huyo Clare ndiye mumewe?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Clare ni mji."

"Mji ni wake?"

"Ni wake. Kaurithi kwa kaka yake."

"Basi usiseme bibi wa Clare, mwanangu. Huyo ni mwenye Clare."

Niliiweka simu chini nikakaa. Kosa lote la miezi ile lilikuwa limejificha katika tafsiri yangu, kwa maana Bibi wa Clare kwa sikio la Mswahili ni mke wa mtu, au nyanya wa mtu, na mwanamke huyu hakuitwa Clare kwa sababu ya mume yeyote. Neno mwenye, kinyume chake, lilishika barabara. Katika miji ya pwani yetu mwenye lilikuwa neno la heshima la mtu anayeshika mji au ardhi, na kutoka humo tumepata mwinyi, hata Mwinyi Mkuu wa Unguja. Domina ni umbo la kike la dominus, mwenye mali na mamlaka. Mama alikuwa amelifikia neno hilo bila Kilatini, kwa kuuliza tu mji ni wa nani. Aliendelea, siku nyingine, kuuliza mjane wa kaka alipata kiasi gani, nikamwambia kwao mjane hushika theluthi ya ardhi ya mumewe mpaka afe, hata kama hakuzaa. Akasema si haba.

Kabla ya kurudi nyumbani nilikwenda Clare. Kilima cha ngome kingalipo na kipande cha ukuta juu yake, na chini yake, palipokuwa uwanja wa ngome, reli ilipitishwa katika karne ya 19. Sasa treni haziji tena na pamekuwa bustani ya watu wote. Ng'ambo ya mto ipo nyumba ya watawa Waagostino ambamo alizikwa mama yake, Joan aliyezaliwa Akka, mji wa pwani ya Palestina. Hapo pia yaliletwa mabaki ya Lionel, mume wa mjukuu wake, ambaye mwaka 1362, miaka miwili baada ya kifo cha Elizabeth, alifanywa Duki wa Clarence, cheo kilichotengenezwa kutokana na jina la Clare. Ardhi ilikuwa imemfikia kwa njia ya mkewe. Mwanamume aliyeoa ndani ya mirathi alipewa uduki kwa jina la mahali palepale ambapo mwanamke aliyepamiliki kwa miaka zaidi ya 40 aliitwa mwenye tu. Sina kinyongo na Lionel, lakini nililitafakari hilo nikiwa nimesimama juu ya kilima.

Nilipita pia Cambridge kuitazama ngao ya chuo. Upande mmoja ina alama nyekundu tatu za ukoo wa Clare juu ya dhahabu, upande wa pili msalaba mwekundu wa de Burgh, na kuzunguka zote mbili ukingo mweusi wenye matone ya dhahabu, ambayo kwa mapokeo ni machozi ya ujane. Verdun hayumo. Damory hayumo. Katika wasia wake wa Septemba 1355, ulioandikwa kwa Kifaransa, nako anajitaja hivyohivyo: Elizabeth de Burgh, mwenye Clare. Alichukua jina la mume aliyeolewa naye akiwa na miaka 13, baba wa William, mwanawe wa kiume wa pekee, aliyeuawa Ireland mwaka 1333. Na jina la ardhi ya kaka yake. Wale wengine wawili aliwaombea dua na kuwatolea sadaka, ila hakuyabeba majina yao.

Alifariki tarehe 4 Novemba 1360. Hakuzikwa Clare kwa mama yake. Alichagua kanisa la watawa wa Mtakatifu Klara nje ya lango la Aldgate mjini London, ambako alikuwa amejijengea nyumba. Kanisa halipo. Iliyobaki ni barabara inayoitwa Minories, jina lililotoka kwa watawa hao, yenye maofisi na vituo vya basi. Niliitembea mwanzo hadi mwisho mchana wa siku ya kazi, kisha nikakaa katika mkahawa mdogo pembeni, nikaifungua rasimu, nikalitafuta neno kauntesi kila lilipokuwa, nikaandika mahali pake mwenye Clare.